Omba Fedha za Hatua, Si za Filamu: Mwongozo wa Ruzuku kwa Watengenezaji Filamu Wanaojitegemea

Watengenezaji wengi wa filamu wanaojitegemea huanza kutafuta ruzuku wakiwa wamekwisha kuchelewa. Skripti imekamilika, tarehe ya kupiga picha imepangwa, waigizaji wameambiwa wajiandae, na kilichobaki ni pesa tu. Ndipo hufungua tovuti ya mfuko fulani, husoma masharti kwa haraka, na kutuma ombi la jumla ambalo lingeweza kwenda kwa mfuko mwingine wowote bila kubadilishwa hata neno. Jibu likija kwamba ombi halikufaulu, lawama huangukia ladha ya jopo au kujuana. Kujuana kupo, sikatai, lakini mara nyingi sababu ni nyepesi kuliko hiyo: mwombaji aliomba fedha za filamu, ilhali mfuko ule hutoa fedha za hatua moja tu ya filamu. Mwongozo huu wote umesimama juu ya tofauti hiyo.

Jua mradi wako uko wapi

Filamu hupita katika hatua nne ambazo kila moja hufadhiliwa kivyake. Kuna uandaaji, yaani uandishi, utafiti na kutafuta wahusika na washirika; kuna upigaji picha; kuna uhariri na umaliziaji, ambamo sauti husawazishwa, rangi hurekebishwa na manukuu huwekwa; na kuna usambazaji, ambao kwa filamu za hali halisi huweza kujumuisha kampeni ya kuipeleka filamu kwa jamii inayohusika nayo. Mtu anayeomba fedha za uandaaji anaruhusiwa kutojua mambo mengi, kwa kuwa kazi anayoiombea fedha ni hiyo hiyo ya kuyajua. Anayeomba fedha za kupiga picha hana ruhusa hiyo. Ukichanganya sauti hizi mbili katika ombi moja, msomaji hataelewa kama anasoma wazo au mpango wa kazi.

Mifuko yenyewe hueleza wazi imelenga wapi. Hubert Bals Fund wa Tamasha la Kimataifa la Filamu la Rotterdam, ambao umekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, unajulikana zaidi kwa kusaidia miradi ikiwa bado katika skripti, na kwa miaka mingi ruzuku yake ya uandaaji imekuwa euro 10,000. Catapult Film Fund huangalia filamu za hali halisi zilizo mwanzoni kabisa, pale mtengenezaji anapohitaji kwenda kwa wahusika wake, kukaa nao na kurudi na picha za kwanza. World Cinema Fund wa Berlinale, yaani tamasha la filamu la Berlin, ulioanzishwa mwaka 2004, hujulikana kwa kuchangia utengenezaji. IDFA Bertha Fund wa IDFA, tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam, ulioanza mwaka 1998 kwa jina la Jan Vrijman Fund, hushughulika na filamu za hali halisi kutoka Afrika, Asia, Amerika ya Kusini, Mashariki ya Kati na sehemu za Ulaya ya Mashariki. Doha Film Institute hupokea maombi ya ruzuku katika duru mbili kwa mwaka, nao mfuko wa filamu za hali halisi wa Sundance Institute ya Marekani hupokea miradi kutoka pande zote za dunia.

Si kila msaada huja kwa fedha. Final Cut in Venice, warsha inayofanyika wakati wa tamasha la Venezia tangu mwaka 2013, huchagua filamu za Afrika na za baadhi ya nchi za Kiarabu ambazo zimekwisha kupigwa lakini hazijamaliziwa, na zawadi zake nyingi ni huduma: siku kadhaa katika studio ya sauti, urekebishaji wa rangi, utengenezaji wa manukuu. Mtu aliyebakiwa na filamu isiyomalizika ndani ya diski kwa miaka miwili anajua thamani ya msaada kama huo, kwani umaliziaji ndiyo hatua ambayo bajeti za wengi hukauka kabla ya kuifikia.

Halafu kuna maabara, yaani warsha ambako mradi husomwa na kunolewa pamoja na wakongwe, na makazi ya waandishi. Sundance Institute, iliyoanzishwa na mwigizaji na mwongozaji Robert Redford mwaka 1981, ilijengwa juu ya wazo hilo la kumkutanisha mwongozaji chipukizi na wakongwe wa kazi. La Résidence ya Tamasha la Cannes, tangu mwaka 2000, huwapa wachache nafasi ya kukaa Paris kwa miezi minne na nusu wakiandika filamu yao ndefu ya kwanza au ya pili. TorinoFilmLab ilianza mwaka 2008, Maisha Film Lab ya mwongozaji Mira Nair mwaka 2004, na programu ya vipaji ya Berlinale mwaka 2003. Wapo wanaozidharau kwa sababu hazilipi sana, au hazilipi kabisa. Nadhani wanakosea hesabu. Mradi uliopita katika maabara inayoheshimika umekwisha kusomwa na watu ambao majopo ya mifuko yanawaamini, na skripti hutoka huko ikiwa imepigwa msasa kuliko ambavyo fedha peke yake ingeweza kuipiga.

Masharti husomwa mara mbili

Soma masharti mara ya kwanza ukitafuta sababu ya kukataliwa. Je, mfuko unataka mwongozaji awe raia wa nchi fulani, au inatosha awe anaishi huko? Je, ni kwa filamu ya kwanza au ya pili tu? Je, mwombaji ni mwongozaji, au ni mtayarishaji mwenye kampuni iliyosajiliwa? Swali hili la mwisho huwaangusha wengi, kwa kuwa mifuko mingi ya utengenezaji haiwezi kuingia mkataba na mtu binafsi. Huko Marekani hulikwepa tatizo hili kwa kutumia taasisi isiyo ya faida inayokubali kupokea ruzuku kwa niaba ya mtengenezaji na kusimamia hesabu zake, nayo hukata asilimia ndogo ya fedha kama ada. Ukichagua njia hii, hakikisha ada hiyo imo katika bajeti yako tangu mwanzo.

Mara ya pili soma ukitafuta kile ambacho sharti linakudai ukifanye kabla ya kuomba. World Cinema Fund, kwa mfano, huhitaji mshirika wa utengenezaji kutoka Ujerumani, ilhali fedha zenyewe hutakiwa kutumika katika eneo filamu inakotoka. Aide aux cinémas du monde ya Ufaransa, inayosimamiwa na CNC, taasisi ya taifa ya sinema ya nchi hiyo, huhitaji mtayarishaji mwenza wa Kifaransa. Mshirika wa namna hiyo hapatikani kwa barua pepe iliyotumwa wiki mbili kabla ya mwisho wa duru. Hupatikana katika masoko ya miradi kama CineMart ya Rotterdam au Durban FilmMart iliyoanza mwaka 2010, ambako watayarishaji hukaa mezani kwa nusu saa nusu saa na kusikiliza miradi. Wengi wao hawaamui siku hiyo. Huomba skripti, hutazama filamu zako za awali, hunyamaza, kisha hurudi baada ya miezi. Kwa hiyo anayetaka fedha za mfuko wenye sharti la mshirika aanze kumtafuta mshirika mwaka mzima kabla, na aangalie pia kama nchi yake na nchi ya mshirika zina mkataba wa kutengeneza filamu kwa pamoja, kwa sababu mkataba huo huiwezesha filamu kuhesabiwa kuwa ya nyumbani pande zote mbili na kufungua milango ya fedha za taifa katika kila upande.

Nyaraka za ombi

Nyaraka hazitofautiani sana kutoka mfuko mmoja hadi mwingine: sentensi moja ya kisa, muhtasari wa ukurasa mmoja, maelezo marefu ya filamu, kauli ya mwongozaji, wasifu wa watu wakuu, ratiba, bajeti, mpango wa fedha, na vipande vya picha. Kwa filamu za hali halisi, wafadhili kadhaa wamekubaliana hata juu ya orodha moja ya maswali ya msingi, ili mwombaji asilazimike kuandika upya kila mara. Hata hivyo, kuwa na majibu tayari si sababu ya kuyatuma bila kuyagusa.

Sentensi ya kisa ndiyo inayosomwa na kila mtu, akiwemo yule ambaye hatasoma kingine. Tazama hii: "Filamu hii inachunguza masuala ya familia, kupoteza na utambulisho katika ulimwengu unaobadilika kwa kasi." Hakuna lililo kosa ndani yake, na hakuna lililomo. Sasa tazama hii: "Mlinzi wa mnara wa taa aliyetumikia miaka 30 anaamriwa kuizima taa kwa mara ya mwisho usiku uleule ambao mwanawe, mvuvi, hajarudi kutoka baharini." Yupo mtu, ipo kazi yake, upo usiku mmoja, na lipo jambo analoweza kulipoteza. Familia, kupoteza na utambulisho vyote vimo, ila hakuna aliyevitaja. Ukishindwa kuiandika sentensi ya aina ya pili, tatizo haliko katika uandishi wa maombi. Huenda kisa chenyewe bado hakijakaa, na hapo ni heri uombe fedha za uandaaji.

Kauli ya mwongozaji hujibu swali moja: kwa nini wewe. Wengi huligeuza kuwa swali la kwa nini mada ni muhimu, wakajaza ukurasa kwa takwimu za ukame au za vita. Jopo linajua kwamba vita ni vibaya. Lisilolijua ni uhusiano wako na mama huyo unayetaka kumfuata kwa miaka miwili, amekuruhusu kuingia wapi na amekukataza nini, kamera itakaa mbali naye au karibu, na utafanya nini siku akisema basi. Kwa filamu ya kubuni, eleza tutakachokiona na kukisikia: kama mandhari itakuwa na ukimya mrefu, kama picha itatikisika mkononi au itatulia juu ya stendi ya kamera, kwa nini umechagua waigizaji wasio na uzoefu. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Kuhusu vipande vya picha, nasema hivi tu: usitume tangazo. Muziki wa kutisha, maandishi makubwa meupe na mikato ya haraka huficha kile ambacho msomaji anakitafuta, yaani kama unajua kukaa na tukio hadi lizae kitu. Tukio moja la dakika tatu lisilokatwakatwa, lenye sauti safi, lina uzito kuliko dakika tano za mbwembwe. Na kama umeazima muziki wa mtu mwingine, uondoe.

Jambo la lugha pia linahitaji kupangwa mapema. Mifuko mingi hupokea maombi kwa Kiingereza au Kifaransa, na skripti iliyoandikwa kwa lugha nyingine hutakiwa kutafsiriwa yote. Usimpe kazi hiyo mfasiri wa mikataba. Mazungumzo ya wahusika yakitafsiriwa kama barua ya ofisi, wahusika wote hugeuka makarani, na jopo litadhani uandishi wako ndio mkavu.

Bajeti husomwa kama skripti ya pili

Ombi langu la kwanza la fedha za kupiga picha lilikuwa na ratiba ya siku 18 na bajeti iliyokodi kamera kwa siku 12. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Nilipunguza gharama ili jumla ionekane ya unyenyekevu, nikasahau kuigusa ratiba. Mmoja wa wasomaji aliandika swali fupi pembeni: siku sita zilizobaki mtapiga kwa kamera gani? Sikuwa na jibu, na baada ya hapo hakuna alichokiamini katika kurasa nyingine.

Kila namba katika bajeti inapaswa kuwa na mzazi wake katika skripti au ratiba. Mstari mmoja ulioandikwa "Usafiri" wenye jumla kubwa mbele yake hausemi kitu. Uvunje: magari mawili, siku 18, mafuta, dereva, na safari moja ya awali ya kukagua mandhari. Msomaji akiona hivyo anaiona filamu ikitembea. Jilipe pia. Mwongozaji na mtayarishaji wanaojiandikia sifuri hawaonekani mashujaa. Huonekana watu ambao watalazimika kuikimbia kazi katikati ili wapate chakula. Kama kweli umeamua kutochukua malipo yako sasa, yaandike kwa kiasi chake halisi katika bajeti, kisha uyaonyeshe katika mpango wa fedha kuwa ni mchango wako.

Vitu vinavyosahaulika vinajulikana kwa kila aliyewahi kusahau: bima, diski za kuhifadhia na nakala zake, kwani picha ambayo ipo mahali pamoja tu ni picha iliyo njiani kupotea, haki za muziki na za picha za kumbukumbu, manukuu, nakala ya kuonyeshea katika kumbi za sinema, mwanasheria, na mkaguzi wa hesabu, ambaye baadhi ya mifuko humdai. Weka fungu la dharura. Desturi ya wengi ni karibu asilimia 10. Usilifute hata ukishawishika kwamba litafanya jumla ipendeze. Na kama ruzuku italipwa kwa euro au dola wakati gharama zako ni za fedha nyingine, acha nafasi kwa mabadiliko ya thamani na kwa makato ya benki.

Mpango wa fedha ndio ukurasa unaoeleweka vibaya kuliko wote. Bajeti husema filamu itagharimu kiasi gani; mpango wa fedha husema kiasi hicho kitatoka wapi. Tuseme jumla ni euro 100,000. Unaandika kwamba 12,000 ni mchango wako na wa mtayarishaji, zimethibitishwa. 10,000 ni ruzuku ya uandaaji uliyokwisha kupokea, zimethibitishwa. 18,000 ni thamani ya vifaa na studio kutoka kwa kampuni mshirika, barua imeambatishwa. 30,000 ndizo unazoomba hapa. Na 30,000 zilizobaki umeziomba kwingine na jibu linatarajiwa mwezi fulani. Kwa mistari hiyo mitano umemwambia msomaji kwamba fedha zake hazitakuwa za kwanza wala hazitaachwa peke yake. Mifuko huogopa mambo hayo mawili kuliko kitu kingine: kuwa wa kwanza katika mradi ambao hakuna mwingine atakayeugusa, na kubebeshwa mradi mzima. Ndiyo maana ruzuku ndogo ya mwanzo, hata ikiwa haitoshi kukodi taa, hufanya kazi kubwa kuliko kiasi chake. Usiandike kuwa fedha zimethibitishwa ilhali ni ahadi ya mdomo. Dunia ya wafadhili ni ndogo, nao huulizana.

Tarehe na matapeli

Duru nyingi hufunguliwa mara moja au mbili kwa mwaka, na jibu huchukua miezi kadhaa. Tengeneza jedwali la tarehe za mwaka mzima, ukiweka mbele ya kila mfuko hatua ambayo mfuko huo hufadhili, nyaraka zinazotakiwa na saa ya mwisho kwa majira ya mfuko wenyewe, si ya kwako. Tuma siku mbili kabla. Mitambo ya maombi huelemewa saa za mwisho. Ukikataliwa, angalia kama mfuko unaruhusu kuomba tena, kwani baadhi hukubali mara moja zaidi na kwa sharti kwamba mradi umebadilika kwa kiasi cha kueleweka. Hapo andika waziwazi kilichobadilika.

Wapo matapeli. Baadhi ya maabara na masoko ya kweli hutoza ada ndogo ya maombi, nayo huitangaza hadharani. Lakini mtu akikuandikia kwamba umeshinda ruzuku ambayo hukuiomba, au kwamba lazima ulipie kwanza ili fedha zako ziachiliwe, mkatie mawasiliano. Njia nzuri ya kuupima mfuko usioujua ni kutafuta majina ya filamu ambazo mfuko huo unadai kuzisaidia, kisha kuzitazama hizo filamu mwishoni, mahali pa shukrani, uone kama mfuko unatajwa.

Ukikubaliwa

Barua ya kukubaliwa si fedha. Kinachofuata ni mkataba, na hapo soma polepole kuliko ulivyosoma masharti. Tafuta kwanza kama ni ruzuku kamili au ni mkopo unaorejeshwa filamu ikianza kuingiza mapato. Zote mbili huitwa msaada katika mazungumzo. Tafuta kama mfuko unachukua haki yoyote, kwa mfano ya kuionyesha filamu katika nchi yake au tamasha lake kabla ya kwingine, kwa kuwa haki ya onyesho la kwanza ikishatoka mkononi mwako inaweza kukufungia tamasha ulilolitaka zaidi. Angalia nembo yao itakaa wapi, nakala ngapi watadai, na nani atalipa kodi ya ruzuku yenyewe.

Kisha angalia mafungu. Fedha huja kwa awamu: sehemu mkataba ukitiwa saini, sehemu picha zikianza kupigwa au baada ya taarifa ya kati, na sehemu ya mwisho baada ya filamu iliyokamilika na hesabu zenye stakabadhi kupokelewa na kukubaliwa. Fungu hilo la mwisho linalipwa baada ya kazi ambayo lilipaswa kuilipia, kwa hiyo mhariri wa sauti atakudai kabla mfuko haujakulipa. Zungumza na mtayarishaji wako kuhusu pengo hilo siku ya kusaini mkataba, amua nani atalifadhili na kwa muda gani, na tangu siku ya kwanza ya kupiga picha mkabidhi mtu mmoja bahasha ya stakabadhi, apige picha kila moja jioni hiyohiyo, kabla wino wake haujafifia.